Siku Niliyoyafunga Maporomoko

Naanza kwa kukiri: mimi ni mtu wa kufanya mazoezi ya salamu. Nikijua kesho nitakutana na mkubwa fulani, leo nasimama mbele ya kioo na kumpa shikamoo mara tano, mpaka nipate ile isiyo ya haraka wala ya kujipendekeza. Kesho inafika, mkubwa ananiwahi kwa "Hujambo mwanangu?" na mazoezi yote yanakuwa bure.

Kwa hiyo mwaka ule nilipokabidhiwa wageni wawili niwapeleke kuona maporomoko ya maji kule kwetu Kibosho, sikulala vizuri kwa majuma mawili.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikikaa mapokezi kwenye gesti moja ndogo Moshi mjini. Ndiyo kwanza magesti yalikuwa yanachipuka kila mtaa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na kila mwenye vyumba vitatu vya ziada alivipaka chokaa, akatundika kibao, akakaa kumsubiri Mzungu. Mwenye gesti yetu tulimwita Mama tu. Alinitoa kwenye mashuka, ambako nilikuwa nimefua na kupiga pasi ya mkaa kwa miezi sita, akanileta mapokezi kwa sababu alinisikia nikijibizana na mgeni kwa Kiingereza. Hakuniuliza nilikisomea wapi. Nilikisomea kwenye redio ya bibi, na kwenye kamusi niliyopewa na katekista, ambayo panya walikuwa wameila kuanzia herufi T hadi mwisho. Maneno ya herufi hizo niliyajua kwa kukisia. Maji, kwa Kiingereza, ni mojawapo.

Siku moja Mama alikuwa anachambua mchele ukumbini, wageni wawili wamekaa wanamtazama.

"Hawa wasiopanda mlima wananimaliza," akasema. "Wanakaa hapa wananiangalia kama sinema. Hakuna kitu cha kuwaonyesha?"

Mdomo wangu ukafunguka kabla yangu. "Kuna maporomoko ya maji, Mama. Chini ya kihamba cha bibi yangu, shamba letu la ukoo."

"Ya kweli, au ya kujikamulia?"

"Ya kweli."

"Basi wapeleke wewe. Wakirudi wamefurahi, matembezi yote ya gesti hii ni yako, na mshahara tutaongea. Wakirudi wamenuna, pasi yako ipo pale pale ulipoiacha."

Wageni wenyewe walikuwa mume na mke, watu wazima waliokwisha kustaafu. Walikuwa wametoka Unguja, ambako walikaa juma zima ufukweni, na pua zao zilikuwa zimebabuka kama viazi vilivyochemshwa na maganda. Mke alikuwa mcheshi. Aliniambia kule kisiwani kila kitu kina chumvi, hadi taulo, na sasa hamu yake ni moja: kusimama chini ya maji yanayoanguka, yasiyo na chumvi. Mume alikuwa mwalimu wa hisabati zamani. Alikuwa na daftari la jalada jeusi ambalo aliandika kila kitu cha safari yao. Nilipomwona anaandika saa aliyoletewa chai, nilijua nimekutana na ndugu yangu, nikaogopa.

Nikatengeneza ratiba. Nilikwenda Kibosho Jumamosi mbili mfululizo kuipima njia. Nilihesabu hatua kutoka barabarani hadi kwa bibi, na kutoka kwa bibi hadi bondeni. Nilipanda juu ya jiwe, nikateremsha kamba ya mbuzi yenye jiwe mwishoni, nikapima maporomoko: mita sita na nusu. Niliandika kwenye daftari langu mahali pa kusimama, mahali pa kutania, na mahali pa kunyamaza ili wageni wasikie maji kabla ya kuyaona. Hapo pa kunyamaza nilipapigia mstari mara mbili.

Bibi nilimpa masharti matatu. Mbwa afungwe. Pombe ya mbege isitolewe. Na habari za utoto wangu, hususan za godoro, zisiguswe.

"Sawa," akasema Bibi. "Na mimi nitafungwa wapi?"

Safari ilipangwa Alhamisi. Jumatano nikaenda kulala kwa bibi ili nisichelewe, na alfajiri nikaamshwa na fimbo yake ikigonga kitanda.

"Mke mwenzangu, amka. Leo zamu yetu ya maji. Magoti yangu hayataki mlima. Kafungue."

Huku kwetu maji ya mto hayaachwi yakajiendea. Juu kule, mahali panapoitwa banioni, kijito kinazibwa kwa magogo ya migomba, mawe na majani, maji yanageuka kuingia mfereji, na mfereji unapita kihamba kwa kihamba kwa zamu. Wakati wa kiangazi zamu inaheshimiwa kuliko mwaliko wa harusi. Bibi alikuwa ameingoja juma zima, na maharage yake yalikuwa yameanza kukunja majani.

Nikachukua jembe nikapanda.

Watu wengi wakiziba banio wanaziba hivi hivi tu. Gogo moja, majani kidogo, nusu ya maji inavuja na kuendelea na safari zake mtoni, na hakuna anayejali. Mimi sikuweza. Nilipanga magogo manne, nikayakaza kwa mawe niliyoyachagua moja moja. Nikasokota majani makavu ya mgomba na kuyashindilia kwenye kila upenyo. Nikachimba udongo wa mfinyanzi ukingoni, nikaukanda, nikaukandika kama ukuta wa nyumba ya kuhamia. Palipotoka tone, niliweka kidole, nikatafuta jani. Nilipomaliza, upande wa chini wa banio palikuwa pakavu hata ungeweza kuanika mahindi. Nikasimama nikaitazama kazi yangu kwa furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka nasikia joto usoni.

Utaniuliza: hukujua kwamba kijito hicho hicho ndicho kinachoshuka na kuwa maporomoko? Nilijua. Lakini maporomoko yalikuwa kwenye daftari langu, na mfereji ulikuwa kazi ya bibi, na daftari halikuwa na mstari wa mfereji. Na Jumamosi zile mbili nilizokwenda kupima, zamu ilikuwa ya jirani mmoja mpenda mbege, ambaye anaziba mto kwa gogo moja na sala.

Saa nne kamili wageni walishuka kwenye gari. Nilianza vizuri. Nilionyesha mibuni, nikaonyesha migomba, nikatania mahali pa kutania. Tulipofika kwa bibi, mbwa alikuwa amefungwa na mbege haikuonekana. Lakini Bibi alikuwa amepika mtori, sufuria nzima, na sharti la mtori sikuwa nimeliweka.

"Bibi, ratiba," nikamnong'oneza.

"Ratiba ina njaa. Meku, kaa hapa." Meku ni mzee wa heshima, kwa Kichaga, alikuwa anamwambia mgeni wa kiume. Mgeni akakaa. Mke akala supu yake ya ndizi, akaongezwa, akaongezwa tena. Mume akaandika mtori kwenye daftari, akauliza ndizi ngapi kwa nyama kiasi gani, na mimi nikatafsiri huku nikitazama saa.

Saa tano na robo tulikuwa tunateremka bondeni. Tulipofika pale penye mistari miwili, nikainua mkono.

"Tafadhali tunyamaze. Sikilizeni."

Tukanyamaza. Tukasikiliza. Mbuzi wa mtu alilia ng'ambo. Kisha kimya.

"Nasikia mbuzi," mke akasema kwa heshima.

Nikateremka hatua zilizobaki karibu nianguke. Mbele yetu lilisimama jiwe kubwa jeusi, refu mita sita na nusu, na katikati yake ulining'inia uzi mmoja wa maji, kama bomba la mjini siku ya mgao. Chini, kwenye kidimbwi, chura alituangalia.

Hapo ndipo kichwani mwangu banio na maporomoko vilipokutana kwa mara ya kwanza.

Mume akaangalia jiwe, akaangalia daftari lake. "Maporomoko yako wapi?"

Mtu mwingine angesema, samahani, leo mto umefungwa. Mimi niliona pasi ya mkaa. Nikasema: "Yanakuja."

"Yanakuja?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro robo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayesoma ubao wa stesheni.

Akaandika. Naapa, aliandika. Kisha akakaa juu ya jiwe kando ya kidimbwi, na mke akaanza kumpiga picha chura. Nikawaambia naenda kuhakikisha jambo dogo, nikatembea kwa adabu hadi kwenye kona, na baada ya kona nikakimbia kama mwizi.

Nilipita nyuma ya nyumba ya bibi bila kusimama. Banioni nilimkuta msimamizi wa mfereji, mzee anayegawa zamu kijiji kizima, ameinama, mikono mgongoni, anaitazama kazi yangu. Nikalirukia gogo la kwanza.

"Simama hapo hapo! Kwanza salamu."

Mimi, wa kioo na mazoezi, nilikuwa nimempita mzee bila shikamoo. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Sasa pumua. Nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Wewe! Nimezunguka mara mbili natafuta pa kukosoa. Mwenyezi Mungu, hata pumzi haipiti."

"Babu, nataka kuzibua."

"Leo zamu ya nani?"

"Ya bibi."

"Wewe ndiye bibi?"

"Hapana, Babu. Lakini nina wageni, wapo bondeni, nimewaambia…"

"Hapa hakuna mambo ya wageni. Zamu haikatwi kwa kuwa mtoto anatoka jasho. Aje mwenyewe, au alete neno lake."

Nikateremka tena. Bibi alikuwa katikati ya maharage, miguu mitupu, khanga ameikunja magotini, anayaongoza maji kwa jembe kutoka tuta hadi tuta na kuyasemesha. Sikuwa nimemwona na furaha hiyo tangu msimu uliopita.

"Bibi, naomba maji."

"Mtungini."

"Ya mfereji, Bibi. Yote. Dakika ishirini."

Hakuinua hata uso. "Juma zima nimengoja."

Nikaangalia saa. Saa tano na dakika ishirini na nane. Pale mpakani kulikuwa na masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampelekea. Likishaletwa, kukataa ni jambo zito sana. Ugomvi wa miaka umemalizwa kwa jani moja. Nikachuma, nikafunga fundo, nikalishika kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya bibi yangu ndani ya tope.

Sasa aliinua uso. Akalitazama sale, akanitazama mimi. "Umenikosea nini?"

"Bado, Bibi. Ndiyo nataka kukukosea."

Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akacheka tena. "Sale la kabla ya kosa! Nimeishi, sijaliona hili." Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine: "Wale wageni umewaambia nini?"

"Kwamba maji yanakuja."

"Yanatoka wapi?"

Nikayatazama maharage.

"Waambie yanatoka kwenye maharage yangu. Ukikubali kuwaambia hivyo, kwa mdomo wako, chukua dakika zako. Ukitaka kuwadanganya, warudi Unguja."

"Nitawaambia."

Akaligusa sale kwa kidole, akanirudishia. "Mwonyeshe yule mzee juu. Atajua."

Yule mzee alijua. Nilipomnyooshea alitikisa kichwa, akasema, "Kaa nalo. Utalihitaji huko chini." Nikalichomeka kiunoni, nikashika gogo la kwanza, nikavuta.

Halikutoka. Nikavuta la pili. Udongo ulikuwa umekauka kidogo juani ukawa kama saruji. Nilichimba kwa jembe, nikachimba kwa kucha, nikalilaani kila jani nililolishindilia alfajiri. Mzee akasimama pembeni akifurahi kupita kiasi.

"Umeziba kama kaburi, mjukuu. Unataka afufuke kwa dakika tano?"

Mwishowe akavua koti akaja kusaidia. Tulivuta magogo moja moja tukayatupa ukingoni, na la nne lilipolegea, yale maji yote yaliyokuwa yamejaa nyuma ya ukuta wangu tangu alfajiri yaliondoka kwa pamoja, na udongo wangu, na majani yangu. Yaliondoka na sauti. Nikasikia yanavyoteremka bondeni, na ndipo nikakumbuka kwamba mwalimu wa hisabati amekaa kando ya kidimbwi akisubiri kwa saa mkononi.

Sijui nilifikaje kule chini. Nilichokuta ni hiki: mke amesimama ndani ya kidimbwi na gauni lake, mikono ameitandaza, maji mekundu yanamwagika juu ya jiwe yakianza kutakata, naye anapiga kelele kwamba hayana chumvi, hayana chumvi kabisa. Mume alikuwa pale pale juu ya jiwe lake, ameloa kuanzia kofia hadi soksi, rangi moja na barabara ya Kibosho. Jani la mgomba lilikuwa limemkalia begani.

"Dakika saba," akasema. "Ulisema kasoro robo."

Nikafungua mdomo niombe radhi kwa dakika saba. Kisha nikaona alichoshika. Daftari jeusi lilikuwa linachuruzika. Wino wa safari nzima, wa kisiwani na wa mtori, ulikuwa unateremka kwenye vidole vyake.

Ningeweza kustahimili mgeni aliyekasirika. Lakini mimi najua daftari ni nini. Nilihisi kama nimeshika mtoto wa mtu nikamwangusha. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuacha. Niliwaambia maji ni ya bibi, ni ya maharage, nimeyaomba kwa dakika ishirini. Niliwaambia ni mimi niliyefunga mto, kwa mikono yangu, na kwamba mtu wa kawaida angefunga vibaya na wangepata maporomoko yao kwa saa yake. Niliwaambia habari za pasi ya mkaa. Niliwaambia kamusi yangu inaishia S. Nadhani niliwaambia hata habari za godoro. Nilipomaliza maneno nikachomoa sale kiunoni, nikampa mume kwa mikono miwili.

Alilitazama. Hakujua ni kitu gani. Akalipokea, akageuza huku na huku, akalilaza katikati ya kurasa zilizoloa, akafunga daftari.

Juu ya njia Bibi alikuwa amefika, anahema, fimbo mkononi. "Amepokea?"

"Amepokea, Bibi, ila hajui maana yake."

"Kupokea ni kupokea. Mambo yamekwisha. Mwambie Meku dakika zangu nazo zinakwisha."

Nikamweleza mume yote mawili, maana ya jani na habari za dakika. Akauliza swali moja tu: kwani yanaweza kufungwa tena? Nikasema sasa hivi mzee juu anafunga. Basi akasimama mbele ya lile jiwe, saa mkononi, maji yakiteremka chini ya kola yake, akayatazama maporomoko yakipungua, yakawa kamba, yakawa uzi. Uso wake ulibadilika. Mke wake alitoka kidimbwini akaniambia polepole kwamba hajamwona hivyo tangu astaafu.

Hatukufuata tena ratiba. Tulipanda hadi banioni, akapiga magoti, akauliza kila kitu. Mzee wa mfereji alimjibu kwa Kichaga, yeye akauliza kwa Kiingereza, na wakati mwingine walielewana kabla sijatafsiri. Jioni tulimwacha Bibi na maharage yaliyonyweshwa kwa mistari iliyonyooka mno, kazi ya mgeni, ambaye alivua viatu na kushika jembe mwenyewe.

"Yule mume wako mwingine," Bibi akaninong'oneza. "Mmefanana ugonjwa."

Tulipoingia gesti, Mama alikuwa mlangoni. Aliwatazama wageni wake wa rangi ya tope wakipita kimya kwenda kuoga, akanigeukia.

"Hawa wamefurahi au wamenuna?"

"Sijui, Mama."

Kesho yake asubuhi, mume akaandika kwenye kitabu cha wageni, ukurasa mzima. Mama hakusoma Kiingereza, akanipa nimsomee kwa Kiswahili. Nakiri kwamba kwa sekunde moja niliona jinsi ningeweza kumsomea ukurasa mwingine kabisa. Nikamsomea ule ule. Kwamba maporomoko yalichelewa dakika saba, kisha yakaja yote. Kwamba mke wake alisimama chini ya maji matamu na yeye akamwagilia maharage. Kwamba daftari lake la safari limeharibika. Kwamba kiongozi wao aliwaambia ukweli wote, pamoja na sehemu ambazo hawakuuliza.

Mama akafikiri. "Sasa hapo amefurahi au amenuna?"

"Hata mimi sielewi."

"Muulize! Yupo hapo anakunywa chai."

Nikaenda kumuuliza. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza yeye, nami nikarudi kwa Mama na swali hilo.

"Anauliza, leo maji ni zamu ya nani."

Mama akacheka, akafunga kitabu. "Mashuka atafua mwingine," akasema.

Niliwapeleka watu kule kwa miaka minne. Mstari wa kwanza wa daftari langu, kabla ya hatua na kabla ya pa kunyamaza, ulikuwa swali la yule mgeni, na niliuliza kijiji kizima kabla ya kupanga siku. Ila kuziba maji vibaya sikujifunza. Kila Alhamisi ya zamu yetu nilipanda, nikashindilia, nikakandika, nikatafuta tone la mwisho. Na nilipokwisha kushuka, Bibi, na magoti yake hayo hayo, alipanda taratibu nyuma yangu, akatoboa tundu moja katikati ya ukuta wangu kwa ncha ya fimbo.